Jinsi ya Kubeba Ghala Zima Ukitafuta Gunia Moja

Mwongozo huu ni wa mwanaprogramu aliyepewa kazi ya kutengeneza daftari la wakulima wa eneo bunge la Likuyani, naye hataki kusumbuana na hifadhidata. Vifaa ni vichache: kompyuta, subira ya mtu mwingine na bando la mtu mwingine. Hasa bando.

Tuseme daftari lina wakulima 40,000 kutoka wadi zote 5: Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko. Kila mkulima ana mstari wake: jina, nambari ya simu, wadi, kijiji, ekari za mahindi, mifuko ya mbolea aliyoomba, ghala atakalochukulia na kama ameshaichukua. Asubuhi moja ya Machi, mvua ikinukia, afisa wa kilimo amesimama chini ya mti huko Sinoko, simu mkononi. Anataka kuwaona wakulima 12 wa kijiji kimoja ambao bado hawajachukua mbolea.

Usiiulize hifadhidata kuhusu hao 12. Iamuru ikuletee wote 40,000, kisha wapitishe mmoja mmoja ndani ya programu kama askari wa lango: wewe wa Sinoko? La? Pita. Na wewe? Wa Kongoni? Pita. Ukimaliza utakuwa umewafukuza watu 39,988 uliowaita mwenyewe. Ni sawa na kuvuna shamba zima kwa sababu mtoto ameomba hindi moja la kuchoma.

Ukiwa na moyo mgumu, fanya uchujaji huo kwenye simu ya afisa badala ya seva. Kila mstari ukiwa na baiti 500, wote ni megabaiti 20. Wale 12 aliowataka ni kilobaiti 6 tu. Mtandao ukienda megabiti 2 kwa sekunde, na chini ya mti huo hiyo ni kasi ya sikukuu, atasubiri sekunde 80. Mtandao ukikatika katikati, aanze upya. Wewe ulijaribu programu kwa mistari 30 mezani Nairobi, ikafunguka kabla hujainua kikombe cha chai. Kwa hiyo tatizo ni la Sinoko.

Epuka kabisa kujua hifadhidata hufanyaje kazi, maana utaona haya. Ukiiwekea fahirisi kwenye wadi na kijiji, inashuka kwenye mti wenye matawi mengi lakini mfupi sana. Kwa mistari 40,000 ni hatua mbili tatu hivi, imefika. Tena si ugunduzi wa juzi. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko California, aliandika msingi wa hifadhidata za namna hii mwaka 1970, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuziuliza, ile tunayoiita leo SQL. Humo mna neno WHERE, yaani “ambapo”. Kazi yake ni hiyo tu: nipe wakulima ambapo wadi ni Sinoko. Limekaa hapo zaidi ya nusu karne likingoja uliandike.

Najua kwa nini huliandiki. Uliwahi kujaribu, likakuadhiri. Ulitafuta wakulima wanaochukulia mbolea Moi's Bridge, ule mji wa mpakani upande wa Uasin Gishu wenye ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na programu ikazirai. Kosa ni ritifaa, kile kialama kilicho kati ya Moi na s. SQL hufungua na kufunga maneno kwa alama hiyohiyo. Wewe ulilishona jina ndani ya swali kama kiraka, hifadhidata ikadhani jina limeishia kwa Moi, ikabaki ikishangaa herufi s na daraja vinatafuta nini hapo. Na usidhani historia ingekuokoa: zamani mji huo uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi mmoja. Bendera ilibadilika, ritifaa ikabaki. Ukikimbilia Kiswahili, utakutana nayo kwenye ng'ombe.

Dawa yake ni kutuma swali peke yake na jina peke yake, kama kigezo, hifadhidata iviunganishe yenyewe. Ni mstari mmoja wa msimbo. Dawa hiyohiyo humzuia mjanja anayeandika amri zake kwenye kisanduku cha kutafutia ili akufutie daftari lote. Lakini mwongozo huu haukuletwa duniani kukuokoa. Iogope ritifaa, beba ghala.

Mzigo ukizidi na seva ikaanza kukohoa, bado usirudi kwenye WHERE. Weka kikomo: leta wakulima 30,000 wa kwanza kwa alfabeti, kisha chuja. Hapa nakuomba ukae kitako, kwa sababu Likuyani kosa hili lina ladha yake. Majina mengi ya Kibukusu hutaja msimu aliozaliwa mtu. Wafula alikuja na mvua, Wanyonyi wakati wa palizi, Wekesa kwenye mavuno, Wanjala kwenye njaa. Herufi yao unaiona. Kikomo chako kikidondoka mahali fulani kabla ya W, umekata mvua, palizi, mavuno na njaa kwa kisu kimoja. Simiyu, yaani kiangazi, huenda akapona; akina Nafula na Nekesa pia. Wanyonyi atapanga foleni saa mbili, na skrini itamwambia kwa adabu zote: hakuna mkulima huyo. Hakuna kengele itakayolia wala taa nyekundu itakayowaka. Mwaka 2023 bei ya mbolea ya ruzuku ilishushwa kutoka Sh3,500 hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Hiyo elfu moja aliyopunguziwa mzee wetu ataimaliza kwenye bodaboda akirudi kesho, na keshokutwa, kuuliza kama amezaliwa.

Ndugu yake kosa hilo ni kurasa. Leta wakulima 20 kwa kila ukurasa, halafu ndipo uchuje. Ukurasa wa kwanza utaonyesha wawili, wa pili mtupu, wa tatu watano. Afisa akifika kwenye ule mtupu ataamini orodha imeisha, atafunga simu na kwenda kunywa chai. Simlaumu.

Kuhusu siri, fuata kanuni ya kitoto: ukifumba macho, huonekani. Tuma wote kwenye simu, kisha ficha wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ibaki ile tu inayohitajika kwa kazi iliyopo, lakini wewe umeficha, si umeficha? Kijana yeyote anayejua kuchungulia kinachoingia kwenye simu atasoma nambari na ekari za watu wa wadi tano. Kwetu ekari za ndugu ni habari inayosemwa kwa sauti ya chini hata mazishini.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Zipo siku kuchuja ndani ya programu ni akili. Wale 12 wakishafika kwenye simu, na afisa akataka kuwaona wa chini ya ekari mbili pekee, wachuje papo hapo. Kurudi kwenye seva kwa watu 12, mtandao ukiwa umeshapotea, ni ujinga wa aina ya pili. Hiyo ni kuchambua maharagwe yaliyo tayari kwenye ungo. Sikukataza ungo.

Sasa nenda ukamkabidhi afisa programu yako. Ila ukiwa bado Nairobi, nakusihi, jaza mistari 40,000 ya mfano, kisha kwenye kisanduku cha kutafutia andika majina mawili tu: Wanyonyi, na Moi's Bridge pamoja na ritifaa yake.