Kadi za Barking na Ngamiani

Alhamisi, 16 Januari 2025

Nintendo wameionyesha mashine yao mpya ya gemu, Switch 2, leo saa saba mchana kwa saa za London, katika filamu ya dakika mbili na ushei. Ilinikuta kwenye chumba cha chakula kazini. Picha iliganda pale padi mpya inapojibandika ubavuni mwa skrini, ikarudi nembo ilipokuwa inaonekana. Nikatoka kwenye ngazi za dharura, ambako mtandao unashika vizuri. Mvua ilikuwa inanyesha na matone yakawa yanabonyeza skrini ya simu, kwa hiyo filamu ilisimama na kuendelea yenyewe hadi mwisho. Niliporudi, wali ulikuwa umeondolewa mezani.

Nimefurahi kupita kiasi. Ni mashine tuliyoizoea tangu 2017, imekua mwili. Skrini ni pana, kingo zake nyembamba, na kisimamizi cha nyuma kinaonekana kuwa na nguvu. Padi hazitelezeshwi tena kwenye reli. Padi moja inalazwa kwa ubavu na kusukumwa juu ya sakafu kama kipanya cha kompyuta, na chini ya kitufe cha nyumbani kuna kitufe kingine kisicho na herufi. Katika kipande cha Mario Kart nafasi za kuanzia mbio ni 24, wakati Mario Kart 8 ilikuwa na magari 12.

Lakini habari kubwa kwetu ni ile sentensi ya mwishoni mwa filamu, kwamba itacheza gemu za Switch ya kwanza, za kadi na za kupakua, isipokuwa chache. Mpwa wangu yuko Ngamiani, Tanga, na mashine yangu ya 2017 iko kwake. Mimi, huku Barking, nimebaki na ile ya skrini ya OLED iliyotoka 2021. Kadi ni za wote wawili. Kila anayesafiri kwenda nyumbani anawekewa kadi kwenye begi, na anayekuja huku analeta zilizokwisha kuchezwa. Hivyo ndivyo kadi moja ya Zelda imekuwa ikihudumia nyumba mbili kwa miaka yote hii.

Kwao ilikuwa saa kumi alasiri na umeme ulikatika dakika ileile. Ameiona usiku. Ameniandikia: "Shikamoo mjomba. Nimeona. Kadi zetu zitaingia?" Nimemjibu zitaingia.

Jumatano, 2 Aprili

Leo Nintendo wameeleza kila kitu, kipindi cha saa nzima, saa nane mchana. Nilichukua likizo. Idi imepita juzi tu na wageni bado wanakuja, kwa hiyo sebuleni kulikuwa na familia ya shemeji na watoto wao. Nilitazama jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mara mgeni akaja kumimina chai na simu ikalala kifudifudi juu ya sahani ya visheti. Niliifuta shira na kuendelea.

Skrini ni inchi 7.9, 1080p, inakwenda hadi picha 120 kwa sekunde. Hifadhi ya ndani ni GB 256, na ile ya kwanza ilikuwa na GB 32, nafasi ambayo gemu mbili tatu za kupakua ziliimaliza. Unene ni milimita 13.9, sawa na zamani. Padi zinashikwa kwa sumaku. Kitufe kile kisicho na herufi ni C, cha kuzungumza na wenzako huku mnacheza, na kipaza sauti kimo ndani ya mashine. Matundu ya chaji sasa ni mawili, moja juu na moja chini. Anayecheza huku mashine imesimama mezani atajua kwa nini nimeshangilia tundu la juu.

Bei hawakuitaja kwenye kipindi. Niliikuta baadaye: pauni 395.99 kwa mashine peke yake. Mario Kart World kwa kadi ni pauni 74.99. Hiyo ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako. Mashine hununuliwa mara moja kwa miaka mingi, gemu hununuliwa kila msimu.

Kuna jambo jingine ambalo halikupewa nafasi ya kutosha. Baadhi ya gemu zitauzwa katika kadi isiyo na gemu ndani. Kadi hiyo ni ufunguo tu: unaichomeka, mashine inapakua gemu nzima kutoka kwenye mtandao, na kila ukicheza lazima kadi iwe ndani. Street Fighter 6 ni mojawapo. Ni kweli kwamba kadi hiyo unaweza kumwazima mtu au kuiuza, tofauti na gemu ya kupakua iliyofungwa kwenye akaunti yako. Lakini kwa kijana wa Ngamiani anayenunua bando la wiki, GB makumi ni mlima. Atakuwa ameshika kadi mkononi na gemu iko mbali kuliko bahari ya Hindi. Wenye Cyberpunk 2077 wamechagua njia nyingine, gemu yote imo ndani ya kadi ya GB 64. Si gemu ya kumpa mvulana wa miaka 13, lakini nawashukuru kwa niaba yake.

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya kuagiza. Ukurasa wa duka uliniweka kwenye foleni, foleni ikafika, ukurasa ukawa mweupe. Duka la pili lilikubali kadi yangu ya benki na kuomba namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Namba ilifika baada ya muda wake kwisha. Nikavaa viatu nikaenda dukani kwa miguu. Kijana wa kaunta alipokea malipo ya awali na kuandika jina langu kwenye stakabadhi, akaacha herufi ya kwanza. Printa ikaishiwa karatasi kabla ya kutoa nakala ya pili.

Wenzetu wa Marekani wana shida zaidi. Walikuwa waanze kuagiza kesho, tarehe 9, lakini Ijumaa iliyopita Nintendo waliahirisha ili waangalie athari za ushuru mpya wa serikali yao. Mashine hizi nyingi hutengenezwa China na Vietnam.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimeishika.

Maonyesho ya kujaribia Switch 2 yako ukumbi wa ExCeL, London, na tiketi ilitolewa kwa bahati nasibu. Barua pepe ya ushindi ilikuwa imeangukia kwenye folda ya taka, mke wangu ndiye aliyeiona. Treni ilisimama njiani muda mrefu bila maelezo. Nilishuka kituo cha Custom House nikikimbia, kumbe mlango waliotufungulia ulikuwa upande wa pili wa jengo, na jengo hilo lina urefu wa kutosha kumtoa mtu jasho la Tanga katika baridi ya Aprili.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipima uzito mikononi. Pamoja na padi inakaribia gramu 534, na ile ya 2017 ilikuwa kama 398. Gramu hizo unazihisi kwenye vifundo, si kwenye vidole, kwa sababu padi zimekuwa ndefu na kiganja kinapata pa kukaa. Vijiti vya kuongozea ni vikubwa na havina kelele. Nilijaribu kuzitikisa padi zikiwa zimebanwa na sumaku: hazichezi hata kidogo. Kwenye ile ya zamani reli zililegea kadiri miaka ilivyokwenda, mpaka mpwa wangu akawa anakunja karatasi na kuichomeka katikati. Huyu mtoto nilimkumbuka sana pale.

Skrini ni nzuri, nataka niseme hivyo kabla ya kulalamika. Ni LCD, na macho yaliyozoea weusi wa OLED yataona kwamba giza la usiku kwenye gemu limekuwa kijivu kidogo. Mwendo ndio unaolipa. Gari likikata kona kwa kasi, majani ya pembeni yanabaki kuwa majani.

Mario Kart World nilicheza mbio za mchujo, magari 24 yanayosafiri kutoka eneo moja hadi jingine bila kusimama, na kila kituo wanne wa nyuma wanatolewa. Nilikuwa wa saba, tumebaki 12, mvua ya kwenye gemu imeanza kunyesha. Simu ikatetemeka mfukoni. Dada kutoka Tanga. Haachi mpaka ajibiwe, na mtetemo ulikuwa unagusa kiti na kiti kinagusa cha jirani, ambaye aligeuka kunitazama. Nikapokea. Alitaka kujua kama nimeshakula. Nilipokata simu nilikuwa wa kumi, kituo kimepita, nimetolewa.

Metroid Prime 4 nilicheza kwa kipanya. Unailaza padi mezani na mashine inaelewa yenyewe kwamba sasa ni kipanya, ukiinyanyua inarudi kuwa padi. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Sijaona jambo lililofikiriwa vizuri kuliko hili katika mashine ya mkononi. Kulenga shabaha kwa kijiti nimekuvumilia miaka yote, kwa kipanya nililenga kwanza na kushangaa baadaye. Ubavu wa padi ni mwembamba, hata hivyo, na baada ya muda kidole gumba kinatafuta mahali pa kupumzika na hakipati. Kwa mchezo wa saa nzima sipendekezi.

Halafu Drag x Drive, mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, ambapo padi mbili ni vipanya viwili na kila mkono unasukuma gurudumu lake. Wengine walikuwa wanasukuma juu ya mapaja. Nilikuwa nimevaa suruali ya kodrai, na mifereji yake iliikwamisha padi ya kulia kila nilipoisukuma mbele, kwa hiyo kiti changu kilizunguka mahali pamoja. Mhudumu aliniletea ubao. Ulipofika ubao, muda ulikuwa umekwisha.

Betri nimeiulizia kwa sababu ya umeme wa kwetu. Wanasema ni kati ya saa 2 na saa 6 na nusu kulingana na gemu. OLED yangu wameiandikia saa 4 na nusu hadi 9. Hapa tumerudi nyuma, na sioni sababu ya kulipamba hilo kwa maneno. Mashine ya mkononi inayokufa baada ya saa mbili ni mashine ya kukaa karibu na ukuta.

Kadi ndogo za kuongeza hifadhi nazo zimebadilika. Zinatakiwa za microSD Express, zile za kawaida tulizonazo hazitahifadhi gemu. Mbili mpya kabisa, zikiwa bado kwenye pakiti, zilikuwa mfukoni mwangu wakati naelezwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Marekani wameruhusiwa kuagiza leo, bei ya mashine imebaki dola 449.99. Japani jana rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa sababu waliojiandikisha kununua kwenye duka la kampuni ni watu kama milioni 2.2, na mashine za siku ya kwanza hazitoshi. Nilimsomea mke wangu habari hii ili aelewe kwamba kuagiza mapema kulikuwa na maana. Ameniuliza stakabadhi iko wapi. Ilikuwa ndani ya suruali ya kodrai, na suruali ilikuwa ndani ya mashine ya kufulia.

Alhamisi, 5 Juni

Imetoka leo, na leo ni siku ya Arafa, nimefunga. Dukani walinitafuta kwenye orodha bila kunipata. Nikawaomba watafute bila herufi ya kwanza. Nilikuwepo. Mfuko walionipa ulikatika mpini mbele ya kituo cha basi na boksi likatua kwenye mguu wangu, jambo ambalo nililipokea kwa shukrani kwa kuwa lami ilikuwa karibu.

Ilihitaji kupakua programu mpya kabla ya kufanya mambo mengi. Intaneti ya nyumbani ikaondoka, ikarudi karibu na magharibi. Nikafuturu kwanza. Kisha nikachomeka kadi ya kwanza niliyowahi kuinunua, Breath of the Wild ya 2017, iliyokwenda Tanga na kurudi mpaka maandishi yake yamefifia. Imeingia na imewaka.

Nimempigia mpwa na kumwonyesha kwa kamera. Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo nimelibeba tangu Januari: kadi mpya, kama ya Mario Kart World, itaingia kwenye mashine yake? Haitaingia. Nilimwambia wazi. OLED nitampelekea Desemba nitakapokwenda huko, na kadi zote za zamani zitaendelea kuzunguka kama kawaida, maana sasa zinacheza pande zote. Kadi mpya zitakaa Barking mpaka nipate uwezo mwingine.

Lakini kuna kitu kimoja kinachoweza kuvuka. Switch 2 inaweza kuirushia Switch ya zamani iliyo karibu nayo gemu fulani, ikacheza bila kuwa na kadi yake. 51 Worldwide Games ni mojawapo, na ndani yake kuna dama, domino, na bao la safu mbili wanaloliita Mancala. Babu yake anacheza bao la Kiswahili lenye mashimo 32, na mpwa ameshaniambia kwamba hilo la safu mbili babu hataligusa. Tumekubaliana tuanze na dama. Ameomba nibebe pia chaja ya ziada.