Sifa za Mzee 2.7

Wakimsengenya Python 2.7, toleo la lugha ya kuandikia programu, mbele yangu, huwa nageuza uso. Mrithi wake, Python 3, alitoka tarehe 3 Desemba 2008. Yeye mwenyewe akatoka Julai 2010. Nionesheni mwingine aliyezaliwa baada ya mrithi wake. Maziko yake yalipangwa 2015, yakaahirishwa hadi 2020. Tarehe 1 Januari mwaka huo matanga yakaanuliwa, na bado Aprili akarudi kama 2.7.18, mfano wa mgeni aliyesahau kofia.

Sifa yake kubwa ni stara. Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Tulikuwa 30, nami nikaandika kiprogramu cha kutoa ripoti kila Jumapili: waliolipa ugawe kwa wote, kisha zidisha kwa 100. Sasa Mzee, ukimpa namba nzima mbili agawanye, hukurudishia namba nzima, na kinachobaki anakimeza kimyakimya. 5 kwa 2 ni 2, nusu usiiulize. Kwa hiyo 29 kwa 30 ikawa 0, na 0 mara 100 ni 0. Watu 29 wameshatoa fedha zao, ripoti inasema asilimia 0! Sijaona tena kamati ikihangaika namna ile. Mweka hazina alipigiwa simu usiku, akaapa, akafungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Yule wa 30 akaona haya, alfajiri akalipa, na ripoti ikaruka kutoka 0 hadi 100 kwa mkupuo mmoja. Mkopeshaji gani ana mbinu hiyo?

Tena ana busara ya utu uzima. Kwenye orodha ya ahadi, aliyeacha nafasi wazi Mzee alimweka chini kuliko hata aliyeandika 0. Bila kuambiwa! Alijua kwamba asemaye hana ni afadhali kuliko anayejibu "tutaongea".

Kwa Kiswahili alikuwa jirani mwema. Yeye husadiki kwamba maandishi yote ni ASCII, alama 128 basi. Mfaransa na Mwarabu walilia. Sisi tukapita bila jasho, maana herufi zetu hazivai kitu kichwani. Mpaka mjomba alipoahidi ng'ombe. Ujumbe aliutuma kwa simu, na simu ikaipinda ile alama ya ng' iwe ya urembo. Mzee akaanguka palepale: UnicodeDecodeError, baiti 0xe2, nafasi ya 2. Sikumlaumu. Ng'ombe aliliwa bila kuandikwa.

Huyu kijana wa 3 hana simile. Ukisahau mabano ya print, hakubali kitu. Ukimlinganishia nafasi tupu na namba, anakugombeza. Anataka kujua haya ni maandishi au ni baiti, na hakuachii ukisema "vyovyote". Wapo waliomwandikia Mzee barua za mapenzi wakitaka azae 2.8, wakajibiwa kwa waraka rasmi, PEP 404, namba ileile unayopewa ukurasa usipopatikana.

Mwaka 2021 nami nikahama, maana binamu mdogo alikuwa anaoa. Programu ya kuhamishia, 2to3, iliniwekea mabano yote kufumba na kufumbua. Alama ya kugawanya ikaiacha vilevile, ila maana yake ilikuwa imeshabadilika: huyu kijana hamezi kitu.

Kamati ilikuwa ileile, watu walewale 30. Jumapili ya mwisho ripoti ikatoka: asilimia 96.66666666666667. Wajumbe wakapongezana. Yule wa 30 naye akasoma, akajibu kwenye kundi, "Hongereni sana, tumefika."

Mchango wake naudai mpaka leo.