Mkongo wa Taifa Una Miguu Miwili

Wanaosema mifumo ya serikali haisomani ni watu wasiopenda mazoezi. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ofisi zinaongea vizuri kabisa. Zinaongea kupitia mimi.

Juzi nilijaza fomu mtandaoni. Nikaingiza namba ya NIDA, tarakimu zote 20. Mfumo ukanitambua, ukanisalimu kwa jina. Kisha ukaniagiza niichapishe fomu, niambatishe kivuli cha kitambulisho, nigongewe muhuri na mwanasheria, niipeleke dirishani. Hapo dada mmoja mpole akaichapa upya kwenye kompyuta, neno kwa neno. Ghorofani juu nako wakataka kivuli kilekile. Kwa nini wasitake? Kuamini mashine ya jirani ni kukosa adabu.

Wenzetu wa Estonia, maskini, wamejiwekea kanuni kwamba raia aulizwe jambo mara moja tu. Hawajui raha ya kujuliwa hali kila dirisha. Wala hawana kijana wa fotokopi getini anayesomesha wadogo zake kwa vivuli vyetu.

Na mtandao "ukisumbua", foleni hugeuka baraza: tunapeana habari za misiba na posa. Haraka haraka haina baraka, nasi tumebarikiwa kupita kiasi.

Basi nikisikia Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umetandazwa maelfu ya kilomita, huwa sibishi. Natazama soli za viatu vyangu, najipa pongezi kimyakimya.