Bango la Harusi, Kanga ya Wifi

Siku hizi harusi bila mabango haijatimia: la kukaribisha wageni, la mpango wa meza, na la kuomba simu zizimwe. Hili la mwisho ndilo hupigwa picha kwanza, kwa simu.

Mtindo huu ukifika Mute, kijiji cha wilaya ya Palma kando ya barabara itokayo Mocímboa da Praia, utakutana na swali gumu: bango liandikwe kwa lugha gani? Kireno ndiyo lugha rasmi ya Msumbiji, lakini pwani ile watu huzungumza Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili. Likiandikwa *Bem-vindos*, yaani "Karibuni", mwalimu atatabasamu. Shangazi atauliza kama yeye hakualikwa.

Na bango la mshale wa kuonyesha njia? Ngoma inasikika kijiji kizima. Anayepotea amekusudia.

Ajabu ni kwamba Waswahili walishaimaliza kazi hii ya kutangaza kwa maandishi. Kanga zimebeba maandishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini; huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alijipatia jina kwa kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Kanga ni bango lisilodai msumari. Linatembea, linacheza, na likifika mbele ya wifi linapunguza mwendo ili asome vizuri.

Kisutu, kanga ya bibi harusi, kwa desturi hakina maneno. Maneno wameyavaa mashangazi.

Anayetaka bango la mbao na aliweke, mradi asilisimamishe mlangoni pa jikoni: wapishi wanapita na masufuria.