Mabati Hasi Hamsini

Hadi sasa sijui uso niuweke wapi. Asubuhi, mbele ya foleni ya wateja hapa Kisesa senta, nimemwambia mzee mwenye bahasha ya hela za ng'ombe kwamba mabati ya geji 30 hakuna, naye ameyaegemea. Akageuka, akayagonga kwa fimbo, ngo, ngo.

"Mwanangu, haya ni nini, magodoro?"

"Babu, yapo ila hayapo."

Foleni ikaangua kicheko. Nami nimekodolea kioo cha kompyuta, na maandishi mekundu ya Kizungu yananiambia oda haiendelei: kiasi kilichopo ni hasi 50. Hasi! Nyumba ukiiezeka kwa mabati hasi 50, nadhani na paa la jirani linaezuka.

Sasa ngojeni niwaeleze, maana uchawi huu huwa unanikosesha usingizi. Mfumo wetu wa kompyuta hauulizi kama mali ipo, unauliza kama iko huru. Unachukua kilichomo ghalani, unatoa walichokwisha kuahidiwa wengine, unajumlisha kinachotarajiwa kutoka kiwandani. Mahesabu ya namna hii Joseph Orlicky aliyaunda huko Marekani mwaka 1964, na mimi sijaacha kuyastaajabia. Uza bati moja tu: mfumo unajua limekula mita 3, kila mita imekula kama kilo 2 za chuma, unazipunguza kwenye koili, yaani rola la bati lisilokatwa, na koili ikikaribia kwisha unamkumbusha mnunuzi aagize nyingine. Yote hayo mteja hajamaliza kuhesabu chenji.

Balaa liko kwenye vipimo. Koili hununuliwa kwa kilo, mashine hukata kwa mita, mteja huhesabu kwa pisi. Nikachimba. Uani kuna mabati 250. Mkandarasi fulani aliagiza 100 ya mita 3, yaani mita 300. Mtu wa makao makuu akaandika 300, kwenye kipimo akaacha "pisi". Mfumo, mtiifu kupita kiasi, ukamtengea mkandarasi mabati 300 kwenye rundo la 250. Hasi 50 yangu hiyo hapo! Nimeliona kosa, nimeliwekea kidole, na kitufe cha kusahihisha kwangu ni cha kijivu, hakibonyezeki. Mwenye ruhusa yuko mjini. Nikapiga simu.

"Yuko kikaoni. Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Ndugu yangu, nizime mabati?"

Mzee akasonya. "Pale makumbusho ya Bujora kuna nyumba za msonge za nyasi. Aliyeezeka aliuliza kompyuta gani?" Akavuka barabara hadi duka la pili, ambako mfumo ni daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Muda si mrefu kirikuu ikapita mbele yangu na mabati yake 70, na yeye kiti cha mbele akinipungia fimbo.

Kuchekwa nimezoea. Lakini anayekosea kuandika ndiye mwenye funguo za kusahihisha, na hamjui mzee huyu kwa sura. Mimi ninayetukanwa kwa niaba yake nina ruhusa ya kuchapisha tu. Wa makao makuu mfumo ulipoletwa walipewa mafunzo hotelini, na chai ya saa 4. Sisi wa matawi tulitumiwa nywila kwa WhatsApp. Mvua za vuli ziko njiani, kila mtu anakimbizana na paa lake, na biashara inavuka barabara huku naitazama.

Na si leo tu. Juzi oda iligoma kwa sababu TIN ya mteja ilikuwa na nafasi tupu mwishoni, isiyoonekana kwa macho. Kabla ya hapo, tarehe ya leo ilikataliwa kwa kuwa mwezi "umefungwa".

Jioni hii imeingia barua pepe: mauzo ya Kisesa yanashuka, hivyo mhudumu wa tawi ahudhurie semina ya lugha nzuri kwa wateja. Nauli ajigharamie.