Mchungaji Kastaafu, Usharika Umehamia Kwangu

Fundi akistaafu anaweka nyundo chini, na dereva anarudisha funguo za gari. Mchungaji wa Kilutheri hana cha kurudisha. Baba mkwe wangu aliagwa kwa ibada ndefu, akapewa ng'ombe wa maziwa, tarumbeta zikapigwa mpaka mbwa wa Machame wakakimbilia migombani, na wiki hiyohiyo akaanza kuwachunga waliokuwa karibu naye. Waliokuwa karibu ni sisi. Magoti yake hayataki tena miteremko, kliniki iko mjini, basi yeye na Mama Mchungaji wakamwachia mdogo wake kihamba, shamba la familia, na ng'ombe, wakashuka kwetu Moshi mjini.

Nyumbani tunamwita Jimbo, ingawa usoni ni "Shikamoo, Baba." Jimbo huamsha nyumba kabla ya jua kwa ibada ya sebuleni. Nyimbo hutoka kwenye Mwimbieni Bwana, na huimbwa beti zote. Ukiruka ubeti, anaurudia peke yake, taratibu, chai ikipoa na gari la shule likipiga honi getini. Mke wangu alikuwa na vitambaa vya meza vyenye maua, alivyovipenda sana. Viko kabatini. Sasa meza yetu inafuata kalenda ya kanisa: Kwaresima zambarau, Pasaka nyeupe, Pentekoste nyekundu, halafu kijani, kijani, kijani, Jumapili zote zile baada ya Utatu.

Halafu kuna wageni. Wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa, mwinjilisti aliyekosana na kwaya yake, mjane mwenye kesi ya shamba. Kila mgeni na chai yake, kila chai na sukari yake. Wanakaa kwenye kiti changu, mbele ya televisheni yangu, nami mechi naisikilizia jikoni kwa redio ndogo, sauti chini, nisije nikavuruga ndoa ya watu kabla haijafungwa.

Watoto nao wameshachukuliwa. Mvulana tunamwita Tarumbeta, maana babu yake alimrithisha ala yake ya ujanani na masomo juu yake. Binti ni Karani, kwa kuwa anaandika kila kitu. Siku moja Karani aliuliza tu KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lilianzaje. Jimbo akarudi hadi mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika Machame. Akaja mwaka 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa moja, Askofu Stefano Moshi akiwa mkuu wake wa kwanza. Akapitia Makumira, alikosomea uchungaji, akafika Dar es Salaam mwaka 1977, pale Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Hapo huwa anasimama. Hata akiwa mezani na kijiko mkononi, husimama. Hesabu za shule hazikufanywa usiku ule.

Sasa nikupeleke kwenye jogoo.

Kwa asiyeujua mnada wa kanisani, uko hivi. Asiye na fedha huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku, chupa ya maziwa. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa anasimama nje na kutangaza bei. Ukishinda unalipa, na ukipenda unakirudisha kitu kiuzwe tena. Ndiyo maana parachichi moja linaweza kuingiza fedha nyingi kuliko mbuzi. Jimbo, ambaye kwenye mnada hajui kunyamaza, alinunua jogoo mkubwa mwekundu, akaja naye kwenye bajaji akiwa amempakata. Mama Mchungaji, ambaye sisi humwita Mtunza Hazina, akatangaza kwamba kisu hakitamgusa, maana aliletwa madhabahuni na mtoto wa kipaimara. Jogoo akafungiwa chini ya dirisha la chumba changu. Anawika saa tisa usiku. Tarumbeta anamjibu saa kumi na moja.

Jumamosi moja narudi kutoka kazini na njaa yangu, naikuta jumuiya nzima sebuleni. Karani kasimama juu ya stuli. Kuna mtaa huko juu mlimani ambao upepo uliezua paa la kanisa lao, na Jimbo kaamua mabati yapatikane leo. Jogoo yupo mezani, juu ya kitambaa cha kijani. Pembeni yake ipo redio yangu, chupa mpya ya chai, na viatu vyangu vya ngozi, vimepigwa rangi.

"Baba," nikamnong'oneza, "hivi viatu ni vyangu."

"Ni vyako kabisa, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana tunataka wewe ndiye uanze bei."

Nilivinunua. Redio nayo niliinunua. Shemeji Ahadi, kaka wa mke wangu, akapandisha bei ya jogoo akisema atalipa mwisho wa mwezi. Mtunza Hazina akafungua daftari lake: "Mwisho wa mwezi upi, baba? Ule wa tangi la maji bado tunaungoja." Shemeji akalipa kwa simu palepale, watu wakapiga vigelegele. Akamrudisha jogoo auzwe tena. Jirani akamnunua, akamrudisha. Mjane wa shamba akamnunua, na huyo akasema anampa Mchungaji awe zawadi. Jogoo akarudi chini ya dirisha langu.

Usiku nilimlalamikia mke wangu. Alikuwa akikunja kitambaa, nyuma yake maboksi yamepangwa hadi darini. Hatupi boksi huyu. Amekulia kwenye nyumba za usharika, ambako barua ya uhamisho ikija mnafungasha vyombo, mnaacha hata miti ya matunda mliyoipanda. Baba yake alikuwa kwenye misiba ya watu, kwenye ndoa za watu, kwa wagonjwa wa watu, na watoto wake walilala kabla hajarudi. "Sasa hivi," akaniambia, "kila siku namkuta mezani." Basi nikakubali kijani, nikakubali na jogoo.

Kwa hiyo, msumbuliwa mwenzangu, ukijaliwa mchungaji mstaafu nyumbani, nunua sukari kwa mfuko, imba beti zote, na muulize habari za mwaka 1977 angali na nguvu za kusimama. Mabati bado hayajatosha. Mnada ni Jumamosi, jogoo yupo, karibu uanze bei.