Mpangaji na Mwenye Mji
Oranjemund, mji mdogo wa almasi ukingoni mwa jangwa la Namib, ulijengwa mwaka 1936 ukafungwa kama sanduku la bi harusi. Hadi 2017 mgeni alikuwa haingii bila kibali, na mchimbaji akitoka mgodini anapekuliwa asije akawa kaficha kito.

Lakini choroa, yule swala wa jangwani, nani amuulize kibali? Anaingia kwa madaha, pembe mbili kama mikuki, anatafuna majani ya bustani yaliyonyweshwa kwa maji ya mwenye nyumba, kisha anakatiza barabara kwa mwendo wa mtu aliyestaafu. Mpigie honi: atageuza shingo taratibu akutazame kama mpangaji aliyechelewesha kodi.

Utasikia watu, “Wanyama hawa wamezoea mno!” Wamezoea? Uliyeotesha bustani mbichi katikati ya mchanga, ulitarajia nani aje kula, malaika?

Na kama unafikiria kwenda kumshitaki serikalini, kaitazame kwanza nembo ya taifa la Namibia ukutani. Walioishika ngao ni choroa wawili. Binadamu hayumo.